Ardhi ya Jeshi la Akiba Itafutwe Mchana, Isitafutwe Usiku



Habari zimekwisha kuenea katika wilaya yetu kwamba inatafutwa ardhi ya kujenga kituo cha kufundishia Jeshi la Akiba, yaani mgambo wetu. Tumeulizwa na wanachama katika matawi, tumeulizwa sokoni, tumeulizwa na wazee barazani: "Nyinyi wa chama mnasemaje? Mnakitaka kituo hicho au hamkitaki?" Leo twajibu hadharani, kwa sababu jambo la watu wote halijibiwi kwa kunong'onezana.

Twakitaka. Twakitaka kwa moyo wote, na tutakuwa wa kwanza kushika sururu siku ya kuchimba msingi. Lakini hatutaki ardhi yake ipatikane kwa hila. Hatutaki kituo cha kulinda nchi kianze kazi yake kwa kumnyang'anya mwananchi kipande chake cha nchi. Mambo haya mawili hayagombani. Anayesema yanagombana, ama hajui Jeshi la Akiba ni kitu gani, ama anajua sana na ana lake jambo.

JESHI LA AKIBA NI WATU GANI?

Wako wanaodhani kwamba kila mwenye bunduki ni mtu wa kambini, na kwamba mambo ya kambini hayamhusu raia. Hilo ni kosa. Jeshi la Akiba halikai kambini mwaka mzima. Ni yule kijana fundi baiskeli wa pale njia panda. Ni yule binti anayeuza samaki gulioni. Ni mkulima ambaye asubuhi umemkuta anapalilia mahindi. Hawa hufundishwa kwa miezi kadhaa, hupita kwa gwaride mbele ya Mkuu wa Wilaya siku ya kufunga mafunzo, kisha mkulima hurudi kwenye jembe lake na fundi hurudi kwenye spana zake. Nchi ikipatwa na shida, huitwa. Ndiyo maana ya akiba. Ni kama mahindi ya ghalani: hayapikwi kila siku, lakini siku ya njaa ndiyo yanayookoa nyumba.

Taifa letu lilijifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi lile tulilirithi kwa wakoloni. Jina lilibadilika, mambo hayakubadilika. Tarehe 25 Januari Serikali ya nchi huru ililazimika kuomba askari wa Kiingereza washuke kutoka meli ya kivita ya Centaur ili kulizima. Ilikuwa aibu kubwa, na viongozi wetu hawakuificha. Walilivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Vijana wake walitafutwa miongoni mwa wananchi wenyewe, katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Jina lenyewe ni somo: Jeshi la Wananchi. Halikuitwa jeshi la wakubwa, wala jeshi la kulinda wakubwa dhidi ya wananchi.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukaongeza kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma mzima, na mafunzo ya mgambo yakapelekwa vijijini, viwandani na maofisini. Wako waliocheka. Walisema ati wakulima wanacheza na bunduki za miti. Kicheko chao kilikwisha mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakakalia ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Nani waliokwenda pamoja na askari wa Jeshi la Wananchi kuikomboa ardhi ile? Ni mgambo. Walitoka mashambani na makarakanani, wakafika Kampala, nao mji huo ukaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Mgambo wale walikwenda kupigania nini? Walikwenda kupigania ardhi. Mtu alikuwa ameingia katika ardhi ya wengine bila kuulizwa, akasema ni yake. Mgambo wetu wakasema: haiwezekani.

Basi atuambie mtu: tutawezaje leo kumfundisha kijana wa mgambo kwamba ardhi ya nchi yake ni kitu cha kufia, hali shamba la mama yake limepimwa usiku ili liwe uwanja wake wa gwaride? Kijana huyo atalinda nini? Atalinda kwa moyo gani?

HAJA YA KITUO IPO

Tuseme pia kwa wale wanaopinga kila kitu. Wanasema nchi ina amani, kituo cha nini? Twawajibu kwamba ghala halijengwi siku ya njaa. Tena mgambo hangojei vita peke yake. Ni mgambo anayeitwa moto unapowaka, mafuriko yanapokuja, mtoto anapopotea porini na wezi wa mifugo wanapopita.

Na hivi sasa mgambo wetu wanafundishwa wapi? Wanafundishwa katika viwanja vya shule. Sisi tuliosomea ualimu tunalijua jambo hili kuliko wengi. Mwalimu yumo darasani anawafundisha watoto wa darasa la pili kuunganisha silabi, nje, hatua chache tu, mkufunzi wa mgambo anapaza sauti, "Kushoto geuka!" Darasa zima linageuka dirishani. Kipindi cha michezo kikifika, uwanja una wenyewe. Mvua ikinyesha, mgambo wanajibanza katika upenu wa ofisi ya mwalimu mkuu. Hawana darasa, hawana choo chao, hawana ghala la vifaa. Siku ya kulenga shabaha wanatembezwa mbali porini kutafuta mahali palipo na kilima cha kuzuia risasi, na kila mwaka mahali penyewe hubadilika.

Huku ni kuwaonea watoto, na ni kuwaonea mgambo. Mshauri wa Mgambo anapoomba ardhi, haombi anasa. Twamwunga mkono. Kituo kinatakiwa, na kinatakiwa upesi. Lakini upesi si sababu ya kuvunja haki, na ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe.

KUNONG'ONA KUMEKWISHA KUANZA

Tumetembea vijijini kwa miguu na kwa baiskeli, na haya tuliyaona kwa macho yetu. Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja jina kwa kuwa wenyewe bado wana hofu, walifika watu wawili jioni na kamba ya kupimia. Hawakupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hawakumsalimu mzee yeyote. Walipima, wakapaka miti rangi nyekundu, wakaondoka kabla ya giza. Asubuhi mwenye shamba akakuta mwembe aliopanda baba yake una alama ya X kama nyumba inayongoja kubomolewa. Alipouliza, aliambiwa, "Ni mambo ya jeshi, usiulize."

Siku chache baadaye walifika watu wengine, wa mjini, wenye viatu vizuri. Hawa hawakuja na kamba, walikuja na noti. Wakamwambia bibi mmoja mjane: "Shamba lako litachukuliwa bure. Afadhali utuuzie sisi sasa upate hata kitu kidogo." Bibi akauza ekari mbili kwa bei ya mbuzi kadhaa. Ndugu zetu, hebu fikirini. Watu hao walijuaje? Nani aliwaambia? Na fidia ikija kulipwa, atakayepanga foleni kuichukua ni nani: yule bibi aliyelima pale miaka arobaini, au mlanguzi aliyenunua Jumanne?

Hii ndiyo kazi ya siri. Siri haikumficha adui wa nchi, maana adui wa nchi hana haja na mwembe wa mzee wetu. Siri ilimficha mwenye shamba peke yake. Mlanguzi alijua, dalali alijua, karani alijua. Aliyekuwa hajui ni yule ambaye ardhi ni yake.

Na hilo neno, "Ni mambo ya jeshi, usiulize," twalikataa kabisa. Ni neno la mkoloni lililobaki midomoni mwa watu huru. Siri za jeshi zipo, na ziheshimiwe: idadi ya silaha, mipango ya ulinzi, zamu za walinzi. Lakini mpaka wa shamba la mtu si siri ya jeshi. Bei ya mnazi si siri ya jeshi. Mahali pa kuzika wazazi wetu si siri ya jeshi.

HAKUNA ARDHI TUPU

Neno jingine tunalolisikia ni "ardhi tupu". Huja mtu kutoka mjini, akasimama barabarani, akatazama, hakuona nyumba wala mahindi, akaandika: tupu. Laiti angeuliza! Angeambiwa kwamba hapo ndipo ng'ombe wanapopelekwa wakati wa kiangazi. Hapo ndipo wanawake wanapokata kuni na nyasi za kuezekea. Lile konde limepumzishwa misimu mitatu ili lirudishe nguvu, na mwenyewe atalilima masika ijayo. Chini ya ule mkuyu yapo makaburi.

Nchi hii ilikwisha kuonja matunda ya neno hilo. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili iwape walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, watu wakapakiwa katika malori. Wakubwa wale walikuwa na ramani, walikuwa na mpango, walikuwa na maneno mazuri ya maendeleo. Kitu walichokuwa hawana ni ridhaa ya wenyewe. Wameru hawakunyamaza. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaueleza ulimwengu. Malalamiko yale yaliwaamsha Waafrika wa Tanganyika nzima. Hapana chama cha wananchi kinachoweza kusahau kwamba baadhi ya mizizi ya Uhuru wetu imo katika udongo ule wa Engare Nanyuki.

Na asije mtu akatuambia kwamba kuuliza mambo ya ardhi ya jeshi ni ushamba wa Waafrika. Huko Ulaya kwenyewe yametokea. Mwaka 1971 Serikali ya Ufaransa ilitangaza kwamba itaipanua kambi ya jeshi katika uwanda wa Larzac, kusini ya nchi hiyo, kutoka hekta 3,000 mpaka hekta 17,000. Wakubwa wa Paris walisema pale pana mawe na kondoo tu. Wakulima 103 waliapa kwamba hawataondoka. Mwaka 1972 walipeleka kondoo wao mpaka chini ya mnara wa Eiffel, katikati ya Paris, ili watu wa mjini waone kile kilichoitwa ardhi tupu. Walipambana miaka 10 bila kushika silaha, na mwaka 1981 Rais François Mitterrand akaufuta mpango ule. Miaka 10 ilipotea! Jeshi halikupata ardhi, wakulima hawakupata usingizi. Laiti wangeulizwa tangu mwanzo, pande zote mbili zingeokoa miaka hiyo.

TULIKWISHA KUTAFUTA VIZURI ZAMANI

Tutaulizwa: basi ardhi itatoka wapi, ikiwa kila mahali pana mwenyewe? Twajibu: itafutwe kwa akili, kama ilivyowahi kutafutwa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitaka mahali pa kuwaweka wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika ili wapate mafunzo. Palichaguliwa Kongwa. Kwa nini Kongwa? Kwa sababu pale Waingereza walianzisha mwaka 1947 ule mpango wao mkubwa wa karanga, wakatumia mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 mpango ukafa. Yalibaki majengo matupu na mashamba yaliyorudi kuwa pori. Waingereza walipoichukua ardhi ile hawakumwuliza Mgogo. Lakini sisi tulipoitumia kwa ukombozi hatukumwongezea Mgogo hasara ya pili. Wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA walipita pale. Nachingwea ni hivyo hivyo: palipokuwa na mashamba ya karanga, FRELIMO ilipata uwanja wa kufundishia askari walioikomboa Msumbiji mwaka 1975.

Na si mambo ya zamani peke yake. Kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Ardhi ilikuwa imekwisha kutengwa, njia zilikuwepo, visima vilikuwepo. Leo pana kikosi cha JKT. Huo ndio utafutaji wa watu wenye kufikiri.

Kwa hiyo twasema itazamwe kwanza ardhi ambayo tayari ni ya Serikali. Yako majengo ya zamani ya idara yaliyobaki mapango ya popo. Zipo kambi za JKT zenye nafasi, na JKT na mgambo ni watoto wa baba mmoja. Watashindwaje kugawana uwanja wa shabaha? Kisha yatazamwe mashamba makubwa yaliyotelekezwa. Huko Tanga na Morogoro yapo mashamba ya mkonge ambayo wenye hati waliyaacha yakaota miiba, huku vijiji vya pembeni vikibanana. Lakini hata huko tahadhari iwepo: aliyejilimia kipande katika shamba lililotelekezwa kwa sababu ya njaa naye asikilizwe, asifukuzwe kama ngedere.

Ardhi ya mwananchi mwenye shamba hai iwe ya mwisho kabisa kuguswa. Na ikibidi iguswe, basi iguswe kwa sheria.

SHERIA INASEMAJE

Wanachama wengi hawaijui sheria, na asiyeijua sheria hutishwa na karatasi yoyote yenye muhuri. Tuieleze.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Ulinzi ni manufaa ya umma, hatubishi. Lakini ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayompa fidia inayostahili. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, imeweka njia. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa kazi ya umma, tangazo lazima litolewe na nakala yake ifike kijijini. Eneo likiwa halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo yake na Waziri ndiye anayeamua. Tena ardhi haihami mpaka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa vimekubaliwa.

Hekta 250 ni ardhi kubwa. Ni zaidi ya ekari 600. Ni zaidi ya viwanja 300 vya mpira. Kituo cha mgambo cha wilaya moja, chenye uwanja wa gwaride, madarasa, ghala, bwalo na mahali pa shabaha, hakina haja ya kufika huko. Kwa hiyo, ndugu zetu, mkiona eneo linavutwavutwa kwenye ramani mpaka likazidi kidogo tu hekta 250, ulizeni kwa sauti: mmeongeza kwa sababu ya shabaha, au mmeongeza ili neno letu la kukataa lisiwe na nguvu?

Mkutano Mkuu wa Kijiji si mwenyekiti. Si mtendaji. Si kamati ya watu watano waliokunywa soda na wageni. Ni watu wazima wote wa kijiji, wanawake kwa wanaume. Saini ya mwenyekiti aliyeketi peke yake na wageni haiuzi kijiji.

Na fidia je? Sheria za mwaka 1999 ziliweka wazi kwamba ardhi ina thamani, hata ile ambayo haijajengwa. Kanuni za mwaka 2001 zikataja mafungu yake: bei ya ardhi katika soko, mazao na majengo, posho ya usumbufu, faida iliyopotea, pango la nyumba kwa miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo tani 12 kwa kilomita 20. Malipo yacheleweshwapo zaidi ya miezi 6, riba huongezeka. Haya hayakuandikwa kwa hisani ya mtu. Ni haki. Atakayekuja kuwaambia "mtapewa kifuta jasho", mwambieni kwamba jasho twalifuta wenyewe kwa leso. Tunachodai ni fidia.

KIWANJA KIFINYU HULETA MSIBA

Liko jambo la mwisho, na hili ni la uhai na mauti. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto, katika jiji hilo hilo. Mara zote mbili watu zaidi ya 20 walikufa, mamia wakaumia, nyumba zikabomoka, wazazi wakawatafuta watoto usiku kucha. Mabomu yaliruka yakaangukia makazi ya watu.

Wako waliosema kwamba wananchi ndio walioifuata kambi. Ni kweli kwamba mji ulikua mpaka ukafika ukutani. Lakini mji haukui usiku mmoja. Nyumba ya kwanza ilipojengwa karibu, nani alikuwa zamu? Nani aliyepaswa kusema hapana? Kambi isiyokuwa na mpaka unaoonekana ni mtego kwa raia, na ni mtego kwa askari aliyemo ndani pia.

Jirani zetu Kenya wana somo kama hilo. Huko Archers Post na Dol Dol, katika malisho ya Wasamburu na Wamasai, majeshi yalifanya mazoezi kwa miaka mingi bila uzio wa maana, na watoto wachungaji wakaokota vyuma wasivyovijua. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa karibu pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200 walioumia au waliofiwa. Fedha zile hazikumrudishia mtoto yeyote mkono wake.

Kwa hiyo kituo chetu kipewe ardhi ya kutosha tangu siku ya kwanza. Risasi ya bunduki ya kivita yaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili. Basi mahali pa shabaha pawe na kilima au tuta kubwa la udongo, na bendera nyekundu ipandishwe siku za mazoezi. Vigingi vya mpaka viwe vya zege, vionekane. Ukanda wa usalama uachwe, upandwe miti, na asigawiwe mtu kiwanja humo, awe maskini au awe tajiri. Na kituo cha mafunzo kibaki kituo cha mafunzo. Kisije kikageuzwa kimyakimya kuwa ghala la mabomu. Hapa wananchi nasi tuna wajibu. Tukikubali mpaka, tuuheshimu. Atakayekwenda kupanda muhogo ndani ya vigingi baada ya kulipwa, huyo hatutamtetea.

KAZI YA WANACHAMA

Tusilalamike tu. Kila tawi lina kazi tangu wiki hii.

Kwanza, tawi lidai Mkutano Mkuu wa Kijiji uitishwe, Mshauri wa Mgambo na afisa ardhi waje, waeleze wanataka ekari ngapi na za nini. Wapokewe kwa heshima, wapewe viti na maji ya kunywa, kisha waulizwe bila woga.

Pili, mabalozi wa nyumba kumi wapite nyumba kwa nyumba wakaandike nani analima wapi, makaburi yako wapi, njia za ng'ombe zinapita wapi. Walimu na vijana waliosoma wasaidie kuandika. Daftari hilo litakuwa jibu letu kwa neno "tupu".

Tatu, asiuze mtu shamba kwa hofu. Akija mlanguzi, jina lake lipelekwe kwenye mkutano na lisomwe mbele ya watu.

Nne, vijana wetu wajiandikishe mgambo kwa wingi. Tusimpe mtu nafasi ya kusema kwamba tunaopigania haki ya ardhi ni waoga wa ulinzi. Tuingie, tuvae buti, tujifunze.

Na kwa wakubwa wa wilaya twasema hivi, kwa adabu lakini kwa uwazi. Mabwana, njooni mchana. Njooni mkiwa na ramani mkononi na fidia katika bajeti. Tuulizeni, nanyi mtashangaa. Watu hawa ni wale wale ambao baba zao walitoa ng'ombe wao na watoto wao mwaka 1978. Wanajua thamani ya kulinda nchi kuliko mnavyodhani. Mkiwaomba watawapa ardhi, watawapa mawe ya msingi, na mikono ya kujengea wataitoa pia. Lakini mkija usiku na kamba na rangi nyekundu, msituite sisi wachochezi kwa kuwasha taa.

Mwembe ule wenye alama ya X bado umesimama. Mwenyewe ametuambia kwamba ataukata kwa shoka lake mwenyewe, siku atakayoulizwa na kulipwa, na mbao zake atazitoa zitengenezwe madawati ya darasa la mgambo. Aulizwe basi!